Kaa Chini, Tunaona Mgongo: Adabu ya Viti Kwenye Tamasha la Muziki

Msimu wa korosho ukifunguka na malipo ya mnada yakianza kuwafikia wakulima, mabango ya matamasha nayo huanza kubandikwa Mtwara mjini, Masasi, Newala, Lindi na Nachingwea. Waandaaji wanajua hesabu yao. Kinachofuata uwanjani nacho kinajulikana. Viti vya plastiki vimepangwa mbele ya steji, watu wametulia, msanii anaingia na wimbo wa pili, safu ya tatu inanyanyuka, na nyuma yake sauti inapaa: “Kaeni chini jamani, tunaona migongo!” Jibu ni lilelile kila mwaka: “Nimelipa!”

Shida ni kwamba na anayelalamika naye amelipa, mara nyingi kiasi kilekile. Kwa hiyo “nimelipa” haimalizi kesi. “Adabu” peke yake haiimalizi vilevile, kwa kuwa kuna nyimbo ambazo kubaki umekaa, mikono imekunjwa kifuani, ndiko kumkosea heshima mwimbaji. Kujua nani ana haki kunataka mambo mawili yaeleweke kwanza: kiti kimefikaje mbele ya steji, na jicho la aliyekaa linaona nini hasa mtu akisimama mbele yake.

Kiti kililetwa kumtuliza mtu mahali pake

Ugomvi huu umekomaa zaidi kwa wenzetu wa muziki wa rock, muziki ambao huku kwetu una wafuasi wachache lakini ndio uliojaribu kila aina ya mpangilio wa watu na ukajifunza kwa gharama. Oktoba 1958 Bill Haley alipopiga katika ukumbi wa Sportpalast mjini Berlin, vijana walivunjavunja viti. Mei 1977 The Clash walipokuwa katika ukumbi wa Rainbow, London, viti viling’olewa pia. Kiti kilionekana kama pingu: muziki unakwambia ruka, kiti kinakwambia tulia.

Baadhi ya waandaaji wakaona afadhali waviondoe viti kabisa, au wauze tiketi zisizo na namba ya kiti, wa mapema ajichagulie. Tarehe 3 Desemba 1979, mjini Cincinnati, Marekani, kabla ya onyesho la The Who, maelfu ya watu wenye tiketi za namna hiyo walisongamana kwenye milango michache iliyofunguliwa. Watu 11 walikufa. Jiji hilo likapiga marufuku tiketi zisizo na kiti maalumu, na marufuku hiyo ikakaa mpaka 2004. Huko Denmark, mwaka 2000, watu 9 walikufa mbele ya steji ya tamasha la Roskilde wakati Pearl Jam wakipiga. Walikuwa wamesimama, wakasukumwa, wakaanguka. Uingereza nayo, baada ya maafa ya uwanja wa mpira wa Hillsborough ya 1989 yaliyoua watu 97, ilivitaka viwanja vya klabu za ngazi za juu viwe vya kukaa vitupu. Viwanja hivyohivyo ndivyo vinavyopokea matamasha makubwa, kwa hiyo mashabiki wa rock wakajikuta juu ya viti ambavyo havikuwekwa kwa ajili yao.

Hapo ndipo inapoonekana kazi halisi ya kiti. Kiti chenye namba kinamfunga mtu mahali pamoja. Aliye na kiti chake hana sababu ya kukimbilia getini saa tisa alasiri wala ya kusukuma mbele. Ndiyo maana inafaa kutenganisha vitu viwili ambavyo watu huvichanganya: kusimama na kusogea. Safu za viti zilizopangwa vizuri hubeba watu kama 2 hivi kwa mita moja ya mraba. Wote wakisimama, kila mtu mbele ya kiti chake, idadi hiyo haibadiliki hata kidogo. Wakianza kushuka mbele, inapanda. Watu 4 katika mita ya mraba wameshabanana. Wakipita 5, mtu hageuki kwa urahisi. Wakifika 6 au 7, umati unaanza kwenda kama maji: hakuna anayesukuma kwa makusudi, lakini wote wanasukumwa, na kiti kilichobaki katikati ya miguu kinageuka mtego.

Kwa hiyo kusimama mahali pako ni suala la heshima kati yako na wa nyuma. Kuacha mahali pako kwenda mbele ni suala la usalama wa wote. Baunsa anayekuacha ucheze mbele ya kiti chako lakini akakurudisha unapotaka kuruka safu anaijua kazi yake, na si mtu wa kugombana naye.

Desturi iliyotulia kwenye sehemu za viti huko kwenye rock ni fupi. Walio mbele wakisimama wote, nawe simama. Wakikaa, kaa. Wimbo wa taratibu, kaa. Ukitaka kuruka usiku kucha, nunua tiketi ya sehemu ya kusimama. Hata muziki mtulivu una dawa yake: tamasha la Proms la London, lililoanza 1895, mpaka leo linauza nafasi za kusimama katikati ya ukumbi, mbele ya viti, lakini eneo hilo liko chini na viti viko juu kulizunguka. Wanaosimama wako karibu kuliko wote na hawamzibi mtu. Fundi wa ukumbi alishamaliza ugomvi kabla watu hawajaingia.

Jicho, utosi na hesabu ya mita

Huku kwetu fundi huyo hayupo. Viwanja vya mpira kama Nangwanda Sijaona mjini Mtwara na Ilulu mjini Lindi vina sehemu mbili zisizofanana: uwanja wenyewe, ambao ni bapa, na majukwaa ya kukaa. Matamasha ya ufukweni, ya viwanja vya shule na ya viwanja vya wazi yote ni bapa. Na ubapa ndio chanzo cha nusu ya kelele za “kaa chini”.

Chukua mtu wa kimo cha kawaida. Akiwa kwenye kiti cha plastiki, jicho lake liko kama mita 1.2 kutoka ardhini na utosi wake mita 1.3. Akisimama, utosi unafika mita 1.7. Safu kwa safu hutengana karibu sentimita 85. Sasa mtu wa safu iliyo mbele yako asimame, wewe umekaa, na steji iko mita 10 kutoka kwako. Mstari kutoka jicho lako ukipita juu ya utosi wake, ukifika kwenye steji unakuwa umeshapanda zaidi ya mita 7. Steji yenyewe ina kimo cha mita 1.5, na msanii aliye juu yake anaishia kama mita 3.2. Maana yake humwoni msanii, huoni wacheza shoo, huoni hata taa za katikati. Na kwa upana, mabega ya sentimita 45 yaliyo karibu kiasi hicho yanafunika zaidi ya mita 5 za steji. Kama steji ina mita 8, umebakiwa na ncha mbili za pembeni.

Mtu huyohuyo akisimama mita 5 mbele yako, nawe uko mita 15 kutoka kwenye steji, mambo yanabadilika. Bado anamficha msanii mpaka kifuani, lakini kwa upana anafunika mita 1.35 tu. Unainamisha kichwa upande mmoja, unaona. Ndiyo sababu anayekukera ni yule wa mbele yako kabisa, na ndiyo sababu yeye naye anashangaa unapomlalamikia: anaona wengine kumi wamesimama, kwa nini umsakame yeye?

Lakini kuna hesabu nyingine ambayo walalamikaji hawaipendi. Hata wote wakiwa wamekaa kama wako darasani, uwanja bapa wenye safu zilizonyooka hauonyeshi mbali. Utosi wa aliyekaa mbele yako uko sentimita 10 juu ya jicho lako. Kwa mita 10 mstari wako unafika karibu mita 2.4, kwa hiyo unamwona msanii kuanzia kiunoni. Kwa mita 20 unafika mita 3.5, juu ya kichwa chake. Aliye safu ya ishirini na kitu haoni juu ya kichwa cha mtu. Anachungulia katikati ya vichwa viwili. Kumwambia huyo akae kwa sababu ya adabu ni kumwambia asikilize redio. Safu tatu au nne za mwisho kabisa kwenye uwanja bapa zina haki ya kusimama tangu mwanzo, mradi nyuma yao hakuna mtu.

Tazama pia jinsi jambo linavyoenea. Safu ya tatu ikisimama kwa raha yake, ya nne inasimama ili ione, ya tano ili ione, mpaka mwisho. Watu mia nne wamesimama, lakini waliochagua ni ishirini. Waliobaki wanajitetea. Kwa hiyo dhamana ya kukaa ni kubwa zaidi kwa walio mbele na inapungua kadiri unavyorudi nyuma. Ajabu yake, walio mbele ndio walioketi kwenye sofa, wamewekewa maji ya chupa na kimeza, na ndio wasiokumbuka kwamba nyuma yao kuna watu.

Na mnyororo huo haukosi wa kumwishia. Anayetumia kiti cha magurudumu jicho lake liko kwenye mita 1.2 ileile na hawezi kujibu kwa kusimama. Mzee mwenye magoti mabovu, mjamzito, mama aliyempakata mtoto aliyelala, ni hivyohivyo. Kila mmoja nyuma ya safu ya tatu akijitetea, hawa ndio wanaolipa deni lote.

Kupanda juu ya kiti ni kosa la aina nyingine kabisa. Kiti cha plastiki kina kimo cha sentimita 43 hivi, kwa hiyo utosi unafika mita 2.1: hata aliyesimama nyuma yako haoni tena. Mbaya zaidi, kiti hicho kimetengenezwa kubeba uzito unaotua katikati, si kisigino kinachocheza ukingoni. Juu ya zege miguu yake hutanuka na kuteleza. Juu ya mchanga wa pwani mguu mmoja huzama kabla ya mingine. Anayeanguka huanguka mbele, juu ya kisogo cha mtu ambaye hajui kinachokuja.

Kwenye majukwaa ya ngazi

Watu hudhani ngazi zinamaliza tatizo. Zinalipunguza. Chukua ngazi zenye kimo cha sentimita 40. Jicho la aliyekaa liko sentimita 75 mpaka 80 juu ya zege alilokalia. Wa ngazi ya chini yake akisimama palepale anapokanyagia miguu anapokaa, utosi wake unafika sentimita 85 hadi 90 juu ya zege hilohilo. Anakupita kwa sentimita kumi tu, lakini kwa kuwa unatazama kwenda chini, kumi hizo zinatosha kuifuta steji. Akipanda kusimama juu ya ngazi aliyokuwa ameikalia, anakupita kwa zaidi ya nusu mita, na hapo hata wa ngazi mbili juu ameathirika.

Kwa hiyo jukwaani tofauti kubwa haiko kati ya kukaa na kusimama. Iko kwenye mahali ulipokanyaga. Anayesimama kwenye sehemu ya miguu anaweza kuvumilika, ukijinyoosha mgongo kidogo unaona. Anayesimama juu ya kikalio havumiliki, na pia yuko pabaya: ngazi nyembamba, mbele yake kuna mteremko, na akisukumwa mgongoni hana pa kuweka mguu.

Vitu vidogo navyo vinajumlisha. Kilemba kikubwa cha shughuli kinaongeza sentimita 15 bila mwenyewe kujua. Simu iliyoinuliwa kwa mikono miwili iko mita 2 kutoka ardhini, na kwa kuwa ni usiku na kioo kinawaka, jicho la aliye nyuma linavutwa huko hata kama hataki. Rekodi kipande unachokitaka ukiwa umeishika simu usawa wa uso wako, kisha ishushe. Mtoto juu ya mabega ni mita 2.2 za kuzuia. Mahali pake ni safu ya mwisho au pembeni kabisa. Na kwa kuwa mvua za kusini huanza kuingia kuelekea Desemba, msimu wa korosho ukiwa bado unaendelea, mwamvuli nao ni suala. Mmoja uliofunguliwa unafunika watu watatu wa nyuma na unawamwagia wa pembeni. Koti la mvua halina ugomvi na mtu.

Muziki wenyewe unasemaje

Wazee wa ngoma walilitatua hili zamani bila kipimo cha mita. Ngoma ya Kimakonde ikichezwa, watazamaji hufanya duara: watoto chini kabisa mbele, nyuma yao waliokaa kwenye mikeka na vigoda, kisha waliosimama. Kimo kinapanda kadiri unavyorudi nyuma, na duara linawapa watu wengi safu ya kwanza kuliko mstari ulionyooka. Tatizo letu la leo ni steji ya upande mmoja, iliyokopwa na kuletwa uwanjani, tukaiwekea safu za darasani.

Taarab ina sheria yake, na ni nzuri. Watu wamekaa. Mtu akiguswa na ubeti, ananyanyuka, anakwenda mbele kwa madaha kumtunza mwimbaji, anarudi. Kusimama huku ni ujumbe, wakati mwingine kuna mtu ukumbini anajua kabisa kwamba ameambiwa yeye. Hakuna wa kumwambia mwanamama huyo akae, kwa sababu kusimama kwake kuna mwisho: ubeti umeisha, pesa imetolewa, njia ni ya pembeni. Kinachoharibu ni wale wanaokwenda kutunza wakabaki wamejazana mbele ya steji nyimbo tatu, au wanaopita katikati ya safu wakikanyaga miguu ya watu. Mwandaaji wa taarab asiyeacha njia ya mita 1.2 kuelekea steji amejitakia.

Dansi lina jibu jingine: meza pembeni, uwanja wa kucheza katikati, kati ya meza na bendi. Ukikaa mezani umekubali kuwa utaona migongo ya wanaocheza. Ndivyo raha ya dansi ilivyo, na ukichoka kuitazama migongo unanyanyuka unaungana nayo.

Singeli na kukaa haviendi pamoja. Kumuuzia mtu kiti mbele ya steji ya singeli ni kumuuzia mahali pa kuweka mkoba. Hapo wote watasimama ndani ya dakika moja na haifai kumlaumu mtu. Wa kulaumiwa ni aliyepanga viti. Bongo Fleva iko katikati na ndiyo maana ugomvi mwingi uko huko: msanii huyohuyo ana wimbo wa kuruka na wimbo wa mapenzi wa taratibu, na hadhira ile ile inatakiwa kubadilika kila dakika nne. Kipimo kinachofanya kazi ni hiki: kama msanii mwenyewe ameomba mikono juu na safu za mbele zimenyanyuka, simama, wimbo ukishuka, shuka nao. Anayebaki amesimama katika wimbo wa taratibu wakati safu yake yote imekaa hana utetezi.

Kwenye matamasha ya injili kiongozi wa sifa huondoa utata kwa maneno mawili, “tusimame” na “tuketi”. Wimbo wa Taifa na kuingia kwa mgeni rasmi navyo havina mjadala. Ila mgeni rasmi akishaketi, wapiga picha wanaobaki mbele yake wakimzunguka kama nyuki wanaziba watu wengi kuliko shabiki yeyote, na hakuna anayethubutu kuwaambia. Mratibu awape nyimbo mbili za mwanzo, kisha awatoe pembeni.

Kumwambia mtu, na kuambiwa

Kelele za “kaa chini!” kutoka safu ya nane hazimfikii yeyote. Kila mtu anadhani anaambiwa mwingine. Chupa ya maji ya kurushwa humpata asiyehusika, na baada ya hapo habari si muziki tena.

Kinachofanya kazi ni mtu mmoja, wa safu ya nyuma yake kabisa, kusema mara moja, kwa sauti ya kawaida, wimbo ukiwa unaisha. Wakati wimbo umekolea hasikii, na akisikia anaona anakatishwa raha. Muite anavyostahili kuitwa. Kusini neno “mjomba” linafungua mlango kwa mwanamume yeyote wa rika la kati: “Samahani mjomba, huku nyuma nina bibi, haoni. Tusaidie kidogo.” Kwa mtu mzima anza na shikamoo hata kama muziki unapiga, kisha “mama, naomba nikusumbue”. Kwa kijana, “mdogo wangu” inatosha. Sababu ya kutaja bibi, mtoto au mgonjwa ni kwamba mtu hubishana na madai, habishani na bibi. Usimtaje kama hayupo.

Akikataa, usimvute nguo wala kumshika bega. Mpe njia nyingine: “Basi tubadilishane, njoo ukae huku nyuma ucheze, mimi nikae hapo.” Mara nyingi anakubali, kwa sababu alichotaka ni kucheza na wala si kile kiti. Ikishindikana, mwite mhudumu wa safu au baunsa na umwonyeshe namba ya kiti. Msimulie tatizo, usimsimulie tabia ya mtu.

Na wewe unayetaka kusimama, geuka kwanza. Ni sekunde tatu tu. Nyuma yako kuna nani? Kama ni vijana ambao nao wanatingisha vichwa, nyanyukeni pamoja. Kama ni mzee, au kiti cha magurudumu, au watoto, una njia tatu: cheza umekaa, sogea mwisho wa safu upande wa pembeni ambako nyuma yako hakuna mtu, au simama kwenye kiitikio peke yake kisha ukae. Njia ya kupita katikati ya viti si mahali pa kuchezea. Ni njia ya kutokea, na mtu akizimia ndiyo njia ya kumtolea.

Ambaye anaambiwa mara ya pili na mtu yuleyule ajue kwamba hilo si tusi. Akae nyimbo mbili, dunia haitaisha.

Kazi iliyopaswa kufanywa kabla ya geti kufunguliwa

Sehemu kubwa ya ugomvi huu hununuliwa na mwandaaji anapookoa fedha kwenye mpangilio. Cha kwanza ni tiketi iseme. “VIP” haimwambii mtu kama atakaa au atasimama. Inamwambia bei tu. Andika “eneo la kukaa” au “eneo la kusimama” kwa herufi zinazoonekana, na bango hilohilo liwe getini. Aliyesoma “eneo la kukaa” amekubaliana nawe, na mhudumu ana cha kumwonyesha.

Cha pili ni kupishanisha viti. Usipange kiti nyuma ya kiti. Sogeza safu ya pili nusu kiti upande, kila mtu atazame katikati ya mabega ya wawili wa mbele. Kichwa kinachomzuia kinakuwa sasa ni cha safu ya pili mbele yake, mita 1.7 kutoka kwake badala ya sentimita 85. Kwa ile hesabu ya juu, aliye mita 20 kutoka kwenye steji anarudi kumwona msanii kuanzia kiunoni. Haigharimu hata shilingi, ila inataka mtu mwenye kamba na nusu saa ya mchana.

Viti vifungwe pamoja miguuni kwa kamba au vibanio vya plastiki. Miongozo ya Uingereza ya kumbi hutaka visivyopungua 4 na visivyozidi 12 kwa kila fungu, na mantiki yake inahamia mchangani vizuri: kiti kimoja kinaweza kubebwa mbele na mtu mwenye haraka au kuanguka njiani, vinne vilivyofungwa haviendi popote. Safu yenye njia upande mmoja isizidi viti 7, yenye njia pande zote mbili isizidi 14, ili anayekwenda chooni asiinue watu ishirini. Njia kuu ziwe mita 1.2 au zaidi na zisigeuzwe mahali pa kuongezea viti saa tatu usiku wageni wa mheshimiwa wanapofika wakiwa kumi badala ya wanne. Hapo ndipo mipango mingi hufia.

Wanaotaka kucheza wapewe mahali, na pasiwe mbele ya viti. Pembeni mwa steji, upande mmoja au pande zote mbili, kwa uzio wa kimo cha kifua. Kwenye uwanja bapa kuwaweka wanaosimama mbele na waliokaa nyuma ni kuwauzia wa nyuma hewa. Kinyume chake, viti mbele na wanaosimama nyuma, kinafaa, na hapo hata VIP wakisimama wakati wa wimbo mkubwa wanaumizana wao kwa wao. Wa nyuma wameshasimama. Mkeka wa watoto uwe chini mbele ya safu ya kwanza, na mtu mzima wa kuwaangalia. Wenye viti vya magurudumu wawekwe kwenye jukwaa dogo lililoinuka au mbele pembeni pasipo na safu mbele yao, na kiti kimoja kando kwa aliyewasindikiza.

Kisha MC. Atangaze kabla ya msanii wa kwanza, arudie kabla ya msanii mkubwa, kwa maneno ya wazi: “Viti hivi ni vya kukaa. Anayetaka kucheza muda wote, kulia kwa steji pako wazi. Wimbo wa kusimama wote, nitawaambia mwenyewe.” Akishasema hivyo, aliyekaa ana ushahidi na aliyesimama ana pa kwenda. MC anayepiga kelele “simameni Mtwara!” kila wimbo, halafu mabaunsa wakatumwa kuwakalisha watu, anawagonganisha wanaume kwa ujira wake.

Wimbo wa mwisho msamaha ni wa wote. Hapo hata wa sofa husimama na hakuna wa kumwambia mtu akae. Ila ukiisha, usiruke viti kukimbilia getini. Viti vimeshasukumwasukumwa, vingine vimelala chini gizani na miguu juu. Ngoja safu yako ifike njiani, inua kiti kilichoanguka mbele yako, na kama ulikuwa na bibi, mshike mkono mtoke kwa upande ule wa pembeni ambako wachezaji walikuwa. Huko hakuna kiti cha kumkwaa mtu.